Silaha Isiyo na Mzigo

Harufu ya maharagwe makavu mnaijua? Sisemi yale yanayochemka jikoni, hayo kila mtu anayajua. Nasema yale yanayomwagwa kutoka kwenye gunia lililofunguliwa sasa hivi, vumbi lake likakupanda puani kabla hujageuza uso: harufu ya udongo, ya katani, na kidogo ya moshi wa lori. Kila ninapoinusa sokoni hapa Butembo, hata niwe na haraka namna gani, miguu husimama yenyewe. Wauzaji hudhani nataka kupatana bei. Kumbe mwenzao niko Majengo, kule Goma, nina miaka tisa, nimepiga magoti juu ya benchi, na kaka yangu ananiambia kwa mara nyingine tena kwamba silaha yangu haikubaliki.

Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, imekaa juu ya mawe meusi ya volkano kama nyumba nyingi za mtaa ule, na chumba chake cha mbele kilikuwa depo. Papa alinunua maharagwe upande wa Rutshuru akayaleta kwa lori la kukodi, Mama akayauza palepale mlangoni. Katikati ya depo palikuwa na meza nzito, na juu ya meza mizani ya sahani mbili ambayo Mama aliipangusa kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso. Watoto tulikuwa watatu. Paluku ndiye wa kwanza, jina lenyewe linasema. Kambale akamfuata. Kisha nikaja mimi, Kahindo, jina ambalo kwetu Wanande hupewa msichana aliyekuja kuvunja mstari wa wavulana. Kambale alipenda kuwaambia wageni kwamba tangu siku hiyo sijaacha kuvunja vitu.

Mchezo wenyewe ulikuja na Paluku kutoka shuleni. Rafiki yake mmoja alikuwa na mjomba aliyesoma Ulaya, na mjomba huyo alirudi na kitabu cha mchezo wa ajabu, kwa Kifaransa. Mchezo huo hauna ubao. Watu wanaizunguka meza, na mmoja wao, bwana wa mchezo, anasimulia: mko msituni, mbele yenu kuna daraja, chini ya daraja kuna dubwana linanguruma. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, shujaa au mganga au mwizi, na anasema mtu wake anafanya nini. Kisha dadu inatupwa ili ijulikane kama amefaulu. Paluku alikipeleka kitabu mahali pa fotokopi, na hapo mji wetu ukatukumbusha kuwa ni mji wetu: umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya kitabu, na mwenye kitabu akaja kukidai kabla haujarudi. Sura ya mashujaa tuliipata. Sura ya madubwana tuliipata. Sura ya silaha za kiajabu ikabaki humo humo. Tukawa na maadui wa kila aina, wenye pembe na wenye mabawa, na sisi wenyewe hatuna hata kisu cha kumenyea viazi.

“Tutajitengenezea yetu,” alisema Paluku, bwana wetu wa mchezo, ambaye tangu utoto wake hajapata kuona tatizo akakaa kimya.

Kambale ndiye aliyetangulia. Alileta Panga la Radi, lenye kuua adui yeyote kwa pigo moja, hata aliye mbali, hata aliyelala, hata ambaye hajazaliwa bado. Mchezo wa siku ile uliisha kabla chai haijapoa. Madubwana yote yalikuwa yamekufa na sisi tumekaa tunatazamana. Siku iliyofuata nikaleta ngao isiyopenyeka na kitu chochote, na panga lisiloshindwa lilipogongana na ngao isiyoshindwa, ukazuka ugomvi ambao uliisha kwa Kambale kunivuta nywele na Mama kutuchapa wote wawili.

Hapo ndipo Paluku alipotunga sheria yake. Silaha yenye nguvu lazima iwe na mzigo. Kama inakupa kitu, nayo ikuombe kitu. Na kwa kuwa tulikuwa watoto wa depo, tulimjua hakimu mmoja tu ambaye watu wa Majengo nzima walimheshimu: mizani ya Mama. Katika sahani moja tuliweka maharagwe, hayo ndiyo nguvu za silaha. Katika sahani ya pili tuliweka vijiwe vya volkano, huo ndio mzigo wake. Nguvu ndogo ilikuwa punje chache, nguvu kubwa konzi nzima, na kiasi tulikigombania kwa kelele zile zile tulizozisikia mlangoni kila siku kati ya Mama na wateja wake. Sahani zikilingana, silaha imepita. Zisipolingana, ongeza mzigo au punguza nguvu.

Mnaoijua Goma mnajua pia kwamba mawe yetu si mamoja. Kuna mawe yenye matundu, mepesi kama mkate uliokauka, na kuna yale yaliyoshikana, mazito kweli kweli. Kambale alikuwa ameokota mfuko mzima wa hayo mazito nyuma ya choo, akawa anataja kamzigo kadogo, kwa mfano panga litamwasha mkono kidogo, halafu anaweka kijiwe kimoja na sahani inashuka kwa kishindo. Paluku alipogundua, akaamuru kwamba mawe yenye matundu tu ndiyo halali. Kambale alilalamika siku nzima. Lakini tangu hapo mchezo ukawa mtamu, maana ulilazimika kutafuta mzigo mwingi kuliko ulivyodhani. Panga la Radi lilipita mwishowe kwa masharti kwamba kila likipiga, mvua inamnyeshea mwenye panga peke yake, naye anapiga chafya mpaka mwisho wa vita, hata akijificha. Kambale alizipiga chafya hizo kwa moyo wote. Wateja walikuwa wanamwambia Mama ampeleke mtoto kwa daktari.

Mama alituvumilia kwa sharti moja. “Maharagi yangu yote irudi mu gunia,” alikuwa akisema kutoka mlangoni bila kugeuka. “Hata moja isipotee. Hiyo ni chakula ya batu.”

Kisha Papa akaenda Rutshuru kama kawaida yake, na nyuma yake barabara ikafungwa.

Vita havikuwa kitu kigeni kwetu. Tulivijua kama tunavyojua mvua: tulijua vinatokea upande gani, na watu wazima wanaonyesha uso gani vinapokaribia. Kwa siku kadhaa tulisikia kutoka kaskazini mlio kama wa mtu anayevingirisha mapipa matupu. Kisha watu wakaanza kushuka kupitia Munigi, wana magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba, watoto wamefungwa migongoni. Mama akasimama mlangoni akawauliza, mmoja mmoja, kama wamemwona mtu mrefu mwenye koti la kahawia, na lori la maharagwe. Walitikisa kichwa kwa adabu na kuendelea.

Kati ya waliokuja alikuwemo mwanamke mmoja ambaye Papa alizoea kununua maharagwe kwake, pamoja na binti yake Neema wa rika langu. Hawakuwa wamemwona Papa, kwa sababu walikimbia kabla hajafika kijijini kwao. Mama aliwapa ile kona ya depo ambayo magunia mapya yalipaswa kupangwa. Kwa siku mbili Neema hakusema neno. Alikaa akitazama sahani zikipanda na kushuka. Siku ya tatu akaja mezani akasema na yeye anataka silaha.

“Ya namna gani?” Paluku akauliza.

“Sufuria.”

Kambale akacheka. Neema hakumjali. Alieleza kwamba sufuria yake inalisha mtu yeyote anayeifikia, rafiki au adui, na adui akishakula hawezi kupigana tena siku ile. Paluku akaweka konzi la maharagwe, kubwa. Akauliza mzigo.

“Unaibeba ku kichwa,” alisema Neema. “Ukiwa na sufuria ku kichwa huwezi kimbia. Sisi tuliacha mbuzi, tukaacha na mashini ya kushonea ya mama. Alibeba sufuria tu. Batu bote banatupita.”

Hakuna aliyecheka tena. Paluku akajaza mawe, akakoroga vidole ndani yake, na sahani zikalingana mara ya kwanza, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa yeyote kati yetu. Nilimwonea wivu Neema. Na usiku ule, kitandani, nikaibuni silaha yangu mimi.

Niliiita Ufunguo wa Barabara. Ukiuelekeza kwenye barabara yoyote iliyofungwa, inafunguka, na mtu unayemtaka anapita akafika nyumbani salama. Sikumwambia mtu kwa nini. Nilikuwa nimeamini, kwa imani ile ya mtoto ambayo hata paroko angeionea haya, kwamba siku mizani itakapoukubali ufunguo wangu, Papa ataingia mlangoni. Sikuwa na shaka hata kidogo. Shida ilikuwa mizani tu, na mwenye kusimamia mizani.

“Muzigo yake ni nini?” aliniuliza Paluku.

Nikasema hauna. Akaurudisha.

Kesho yake nikarudi nikasema mwenye ufunguo hatatia sukari kwenye chai mwezi mzima. “Hiyo ni muzigo yako weye, Kahindo, haiko ya ufunguo.” Nikasema basi hatakula sambaza, na ninyi mnaojua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, waliokaangwa wakawa wanavunjika mdomoni, mtaelewa nilikuwa nimefika wapi. Akakataa. Nikasema mwenye ufunguo atapofuka jicho moja, nikaweka mawe mengi, na sahani zikakaribiana kabisa. Paluku akainama, akachagua kijiwe kimoja, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akasema hiki hakina matundu ya kutosha. Akakitoa. Sahani ya maharagwe ikashuka.

Nilimchukia. Nawaambia wazi: nilimchukia kwa kila nguvu niliyokuwa nayo. Wengine silaha zao aliwasaidia kuzitengeneza. Yangu aliitafutia dosari kama afisa wa forodha.

Siku zile maharagwe ya mwisho yalikuwa yameanza kuonyesha chini ya gunia. Jioni moja Mama alikusanya yote yaliyokuwa mezani, nguvu za mapanga na za ngao na za sufuria, akayaosha, akayapika. Tulizila silaha zetu na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Kambale alisema Panga la Radi halina chumvi, na Mama akacheka, mara ya kwanza tangu mapipa yale yaanze kuvingirika. Baada ya hapo mchezo tuliuendesha na mbegu za maboga.

Lazima niwaambie pia habari za Mama Zawadi, jirani yetu, kwa sababu bila yeye hamtaelewa kilichofuata. Mume wake naye alikuwa amekwama kule. Mtu mmoja akaja na habari kwamba amemwona pale Munigi, anakuja, shati lake la mistari. Mama Zawadi akachinja kuku, akafagia uwanja, akawavika watoto nguo za Jumapili. Watoto walikaa kwenye kizingiti mpaka wakasinzia. Aliyefika alikuwa mtu mwingine kabisa, mwenye shati la mistari. Mume wa Mama Zawadi alikuja kufika baadaye sana, mzima, amekonda, na mpaka leo analalamika kwamba kuku wake aliliwa na watu wengine. Lakini wakati ule hatukujua kama atafika. Tulichokijua ni kilio cha wale watoto usiku kucha, ukuta kwa ukuta na sisi. Asubuhi Mama alituita akasema, “Mu hii nyumba, habari ya barabara haiingie mbele ya mwenyewe. Mutu akifika, tutamuona na macho.” Na tangu hapo, msafiri yeyote aliyekuja kusema lolote, Mama alitoka naye nje wakazungumza mbali nasi.

Niliendelea na ufunguo wangu. Nilijaribu mzigo wa kilema, mzigo wa kusahau jina, mzigo wa kulala mwaka mzima. Paluku alikataa, alikataa, alikataa. Mpaka mchana mmoja nikapiga sahani kwa kofi, mbegu zikaruka mpaka kwenye magodoro ya wageni, nikapiga kelele, “Weye unataka Papa asirudi!”

Neema aliacha kuokota mbegu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kipimo chake mkononi. Paluku alinitazama. Alikuwa amerithi uso wa Papa, mrefu, wa mifupa, na siku ile ulikuwa umekauka.

“Mchezo imeisha,” akasema. Akachukua kibido, akaenda kuteka maji, ingawa pipa la maji lilikuwa limejaa.

Hatukucheza tena kwa siku kadhaa. Nilikaa na Neema nyuma ya nyumba tukisuka nywele za wanasesere wa majani ya migomba, na yeye hakunilaumu wala kunifariji. Aliniambia tu kwamba barabara ya kwao ni ndefu kuliko watu wa mjini wanavyodhani.

Kisha, mchana mmoja baada ya mvua, mabati yakiwa bado yanadondosha, Paluku akatuita mezani. Hata mizani alikuwa ameshaipangusa mwenyewe. Akaniambia, “Leta ule ufunguo yako.”

Nikasema sina mzigo mpya.

“Miye niko nayo,” alisema. Alikuwa hanitazami, anapanga mbegu kwenye sahani. “Mwenye kupita aache kila kitu nyuma. Yote yenye alikuwa anabeba. Afike na mwili yake tu.”

Nilifikiri. Nilimtazama Neema, naye akatikisa kichwa polepole kukubali, kwa sababu huo alikuwa anaujua. Nikasema sawa. Paluku akaanza kumimina mawe. Alimimina yenye matundu, kisha akautoa mfuko wa Kambale, wa yale mazito yaliyokatazwa, akamimina na hayo. Sahani zikapanda, zikashuka, zikayumba, zikatulia sawasawa.

“Imepita,” alisema Paluku.

“Ayi! Na mawe yangu mbona ulikataa?” Kambale alikuwa amesimama juu ya benchi kwa hasira. “Ku panga yangu ulikataa!”

Paluku alinigeukia mimi. Alinipa dadu, kisha akaninyang'anya kabla sijaitupa. Alisema kwa ufunguo huu dadu haihitajiki, barabara imeshafunguka. Kisha akainuka akatoka nje, na sisi watatu tukabaki na mchezo usio na bwana. Kambale alizidi kunung'unika. Mimi nilikwenda kukaa kizingitini.

Papa alifika jua likiwa bado halijazama. Nilimwona kwanza kwa mwendo, maana alikuwa anatembea kama mtu anayekanyaga vitu vikali, na kweli, mguu mmoja ulikuwa na kiatu chake, wa pili una ndala ya mtu mwingine. Koti hakuwa nalo. Gunia hakuwa nalo, wala lori nyuma yake, wala mfuko, wala ile kofia aliyoipenda. Mikono yake ilikuwa inaning'inia mitupu, na kwa kuwa sijawahi kumwona Papa mikono mitupu, kwa dakika moja nilishindwa kumkimbilia. Kambale alinipita. Neema alinipita. Nikasikia Mama anasema neno moja tu, jina la Papa, lile la ubatizo ambalo hakulitumia kamwe mbele ya watu.

Alimkalisha kwenye benchi letu la mchezo, akampashia maji ya chumvi, akapiga magoti kumwosha miguu. Papa alikuwa anatazama ile kona ya depo isiyo na magunia.

“Nimeacha yote, Mama Paluku,” alisema. “Lori na maharagi. Yote.”

“Nani amekuuliza maharagi?” Mama alijibu bila kuinua kichwa. “Ibakie kule. Nipe huu mguu ingine.”

Tulikuja kupata kisa kizima kidogo kidogo. Malori hayakuruhusiwa kupita, watu wa miguu walipita. Papa alikuwa amekaa siku zote zile kando ya barabara akilinda magunia yake, kwa sababu mfanyabiashara wa Kinande haachi mzigo, angalau ndivyo alivyolelewa. Mwishowe aliwafungulia magunia watu waliokuwa wanakimbia ili wapike, akaanza kutembea.

Lakini mimi jioni ile nilisikia maneno mawili tu: nimeacha yote. Furaha yangu ilikuwa kubwa, miguu ya Papa ilikuwa palepale kwenye beseni, naiona, na papo hapo nikashikwa na hofu. Afike na mwili wake tu. Mimi ndiye niliyesema sawa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, na Neema akanifuata. Nikamweleza kwamba ufunguo wangu ndio uliokula maharagwe yote, na sasa tutakuwa maskini. Neema alifikiri kwa makini, kama mtu anayepima.

“Maharagi ukipanda inaotaka ingine,” akasema. “Papa haotake.”

Basi nikaacha kulia. Tukarudi ndani, na Mama Zawadi alikuwa amekuja na viazi, na watu walikuwa wanacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu, ile sauti ya watu waliokuwa wamebana pumzi wakasahau kwamba wameibana.

Maskini tulikuwa, mwaka mzima na zaidi, kisha magunia yakarudi polepole. Neema na mama yake walirudi kwao kulipotulia. Mchezo uliendelea mpaka Paluku alipoota ndevu. Ufunguo wangu sikuutumia tena hata siku moja. Kambale alinibembeleza nimwazime afungulie ghala la dhahabu la mfalme wa madubwana, nikakataa kabisa, maana Papa alikuwa njiani na maharagwe mapya na sikutaka yaachwe. Nilikua nikiwa na siri hiyo. Nilisoma, nikaolewa, nikawa mwalimu, na mahali fulani ndani yangu, pasipofikiwa na masomo, niliendelea kuamini kwamba niliwahi kumtoa baba yangu vitani.

Mwaka jana nilikwenda Goma kumsaidia Mama kuchambua maharagwe kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa Kambale. Tulikuwa tunaongea mambo ya zamani, marehemu Papa na ile ndala ya mtu mwingine. Mama akacheka, akasema, “Ile siku nilikaribia kupasuka. Dereva ya lori alifika asubuhi akaniambia amemuacha Papa yenu karibu na Kibumba, anatembea, ametupa yote. Paluku alikuwa hapa mu depo, alisikia. Nilimwapisha afunge kinywa, juu ya ile mambo ya kuku ya Mama Zawadi.”

Mikono yangu ilisimama ndani ya ungo. Asubuhi. Na yeye alituita mezani mchana.

Nilimpigia Paluku simu. Ana watoto wake sasa, na kitambi. Kwanza alicheka, akasema Mama ameuza siri. Akasema hakuvunja kiapo, kinywa chake hakikumtaja Papa hata mara moja, alitaja masharti ya ufunguo tu. Nikamwuliza kwa nini basi aliukataa siku zote zile za nyuma, hata pale sahani zilipokaribia kulingana.

“Kama ningekubali, na Papa asirudi, ungesema nini?” aliniuliza. “Ungesema muzigo ilikuwa kidogo. Ungejitafutia ingine, na ingine tena. Nikaona ni bora unichukie miye.”

Tulipokata simu nilirudi kwenye ungo wa maharagwe. Nilikuwa nimefurahi, nawaambia kweli, kama mtu aliyeshushiwa gunia alilolizoea mgongoni hata akadhani ni mgongo. Kisha nikamwona Paluku wa siku zile, anakwenda kuteka maji na pipa limejaa. Alikuwa na miaka kumi na minne. Kambale alikuwa na panga lake, Neema sufuria yake, mimi ufunguo wangu. Bwana wa mchezo hapewi silaha.